Diski Iliyobaki Nyumbani kwa Muchiri

Nyinyi vijana mnaotengeneza kompyuta siku hizi, simu mkononi na jibu la kila swali ndani ya hiyo simu, kuna adui mmoja ambaye hamtamsoma kwenye kozi yoyote. Adui huyo ni kitambaa. Nasema kile cha kufumwa kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni, ambacho mama zetu wametandika juu ya kila kitu sebuleni tangu sijazaliwa. Kochi, kitambaa. Meza, kitambaa. Redio, kitambaa. Televisheni ikizimwa tu, inafunikwa kama maiti. Nimefanya ufundi Kitale mpaka macho yakakataa kuona skrubu ndogo, na nawaambia kitambaa kimeua mashine nyingi kuliko virusi.

Mimi naitwa Nekesa. Kwetu ni Matulo, karibu na Webuye, lakini duka langu lilikuwa Kitale mjini. Watu walikuwa wakiingia wananikuta nimeinama juu ya kompyuta iliyo wazi, na bado wananiuliza, "Mama, fundi ametoka?" Nawaambia ndiyo, ametoka, keti umngoje. Wengi walishtuka baadaye wakacheka kwa aibu. Mmoja alingoja mpaka nikafunga duka, akaniaga, akaniambia nimsalimie fundi.

Na mjue mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia. Tangu nianze kuandika haya nimeshainuka kuangalia chai, nikainuka tena kufukuza kuku. Kanisani nakaa mwisho wa benchi ili nipate njia ya kutoka. Halafu Mungu, kwa mzaha wake, akanipa kazi ambayo nusu yake ni kungoja. Wengine wanaomba subira, wanapewa. Mimi niliomba nikapewa diski.

Sasa nisikilizeni. Katika ile miaka ya elfu mbili, kabla video hazijaanza kukaa kwenye simu, Kitale kulikuwa na mtu wa video aliyeitwa Muchiri. Wazazi wake walitoka Murang'a wakaja kulima huku Trans-Nzoia, na yeye akazaliwa hapa hapa, ana Kikuyu chake, ana Kibukusu cha sokoni. Alipiga video za harusi na mazishi kuanzia Kitale mpaka Bungoma, mpaka Malakisi, mpaka Cheptais kule juu mlimani. Kanda za kamera zilikuwa ghali, kwa hivyo akimaliza harusi moja anaihamishia kwenye kompyuta, kisha kanda ileile inakwenda kurekodi harusi nyingine juu yake. Mwisho wa yote, harusi za watu wa wilaya kadhaa zilikuwa ndani ya sanduku moja, sebuleni kwake.

Hilo sanduku nililiunda mimi. Niliweka diski mbili ndani yake, zinazoandika kitu kimoja. Ukiweka harusi, inaandikwa kwa hii na kwa ile wakati huohuo, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Moja ikifa, nyingine inaendelea peke yake, na ndani ya sanduku kuna kengele ndogo inayolia pii, pii, pii, kukwambia umebaki na moja, mwite fundi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ndiyo maana yake, hakuna uchawi.

Hapo nitatia jambo moja la kazi, nisije nikasahau. Msinunue diski mbili za dukani kwa siku moja, kutoka katoni moja. Zimezaliwa pamoja, zimebebwa pamoja, zinachoka pamoja. Ya kwanza ikifa, ya pili tayari inaandika wosia.

Haya. Siku moja, zile fujo za kugombania ardhi kule Mlima Elgon zilipokuwa zimepoa, Muchiri akaja dukani mbio, jasho, shati upande mmoja nje. "Mama Fundi, twende. Usiulize. Twende tu."

"Niende wapi na nimeshika moto?" Nilikuwa nimeshika chuma cha moto cha kuchomelea waya.

"Ile kitu inalia. Na kuna mtu ananingoja, na siwezi kumwambia hakuna."

Huyo mtu aliitwa Chemtai. Nilimkuta kwenye kochi la Muchiri, mkoba juu ya magoti, mgongo haujagusa kochi. Alikuwa ametoka Cheptais asubuhi ile. Wakati wa zile fujo nyumba yao ilichomwa, na mumewe, Ndiema, akauawa. Kila picha iliungua. Alikuwa na binti ambaye baba yake alimwacha angali anatambaa, na sasa binti ameanza maswali. Basi Chemtai akakumbuka kwamba harusi yao ilipigwa video na kijana mmoja wa Kitale, akauliza huyu, akauliza yule, mpaka akafika kwa huo mlango.

"Sitaki yote," aliniambia, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Hata pale tu anapoongea. Mtoto ananiuliza baba yake alikuwa anaongea aje."

Nikaangalia pembeni mwa sebule. Sanduku langu silioni. Naona mlima wa vitambaa. Kitambaa kimoja, juu yake kingine, juu yake blanketi la mtoto lililokunjwa vizuri, na juu kabisa chombo cha maua ya plastiki. Ndani ya mlima huo, mbali, kama kifaranga kilichofunikwa na karai, nikasikia pii, pii, pii.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," akasema mama yake Muchiri, ambaye sote tulimwita Shosho. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, hana hata wasiwasi. "Hiyo kitu ilianza kulia wakati wa maombi. Nikaifunika, ikapunguza. Nikaongeza blanketi, ikanyamaza. Haiya, kwani ilikuwa inataka nini?"

Ilikuwa inataka msaada, Shosho. Sikumwambia hivyo. Ulimi ulikuwa tayari umesimama, nikaumeza, nikavua blanketi, nikavua vitambaa. Joto lililotoka pale lingeivisha viazi. Nikaangalia: diski ya kwanza ilikufa zamani, tangu kengele ilipoanza. Ya pili ndiyo ilikuwa imebeba kila kitu, ndani ya blanketi, na sasa ilikuwa inakwaruza. Krr. Inanyamaza. Krr.

Muchiri akanyoosha mkono. "Nitoe hii ya juu? Si ndio imekufa?"

"Gusa uone!"

Nisameheni kwa kufoka, lakini nilikuwa na sababu. Kule Malakisi, kwenye ofisi fulani ya kununulia tumbaku, fundi mmoja alikuta diski mbili hivyohivyo. Akadhani ya juu ndiyo mbovu kwa sababu iko juu. Akatoa nzima, akaweka mpya, na ile mbovu ikamalizia kufa kwa aibu. Kila diski ina namba yake imeandikwa ubavuni. Uliza kompyuta ni namba gani imekufa, kisha soma namba kwa macho yako, kisha ndipo ushike. Juu na chini ni mambo ya kitanda cha bweni.

Nilitaka kuizima ile diski nikaipumzishe. Kila kidole changu kilitaka. Lakini diski mzee iliyozoea kuzunguka, ukiisimamisha ikapoa, inaweza kukataa kuzunguka tena. Basi nikaiacha ikiwaka, nikaielekezea feni, nikamwambia Muchiri asifungue chochote, asicheze hata wimbo. Nikahitaji diski mpya ya ukubwa ule, na Kitale nzima hakuna. Ilibidi niende Bungoma kwa Simiyu.

Simiyu ndiye aliyenifunza kazi, tangu enzi za redio za betri kubwa. Mzee mfupi, mweusi wa kung'aa, ambaye l na r zake zilikuwa zikibadilishana viti kila aongeapo. Nilifika dukani kwake nimeshika mlango, sijaingia sawasawa. "Mzee, nipe diski, naenda."

"Halaka ya nini? Kaa."

"Siwezi kukaa, bana. Kuna mama amengoja."

"Mama atangoja. Diski ndiyo haingoji, na wewe ukienda na hiyo mikono inatetemeka utaiua. Kaa, kunywa chai."

Nikakaa. Nikanywa chai inayochoma, nayo chai ya Simiyu ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nitaweka hii mpya mahali pa iliyokufa, niiambie mashine ijenge upya jozi yake. Ndivyo kitabu kinavyosema.

Akatikisa kichwa. "Hiyo iliyobaki ni mgonjwa. Ukiiambia ijenge, itasoma kwa nguvu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikijikwaa mahali pamoja tu, mashine itaitupa nje, itasema hii nayo imekufa. Utabaki na nini? Usijenge. Nakiri kwanza, pore pore. Mahali pabaya paruke, ukimaliza pazuri pote ndio urudi pabaya. Mgonjwa unampa uji, hupeleki shamba."

Nimeyasema hayo kwa mafundi wengi tangu siku ile, na nimeona macho yao yakisema, huyu mama ni mwoga. Sawa. Kunakili kwanza, kujenga baadaye. Nitalirudia mpaka nizikwe nalo.

Nilipokuwa natoka akaniita tena. "Na ikikataa kuzunguka, usiipige. Ishike hivi, izungushe na kifundo cha mkono, gafra, mara moja. Halafu karia mikono yako." Kukalia mikono lilikuwa somo lake kwangu tangu nikiwa msichana. Nikigusagusa kitu bila sababu, ananikalisha kwenye benchi, mikono chini ya mapaja, mpaka nipoe.

Chemtai alilala kwa Muchiri. Kesho yake asubuhi nikaichomeka diski mpya kwa nje, kwa waya, bila kuzima kitu, nikaanzisha kunakili. Kwenye skrini kunatokea namba inayopanda. Hiyo tu. Namba inapanda kama mzee anayepanda ngazi na bakora. Nikaiangalia. Nikatoka nje, nikahesabu kuku wa Shosho, nikarudi. Namba imesogea kidogo. Krr, imesimama. Moyo nao ukasimama. Ikaruka pale pabaya, ikaendelea.

"Keti, Mama Fundi," Muchiri akasema. "Unanizungusha kichwa."

"Wewe keti kwa niaba yangu."

Yeye mwenyewe alikuwa amekula kucha zote, maana ukiacha Chemtai, kulikuwa na watu wengine wengi ambao hawajajua kwamba harusi zao ziko mashakani. Chemtai ndiye aliyekuwa kimya kuliko sote. Alikuwa amechukua kitambaa kimoja kilichotatuka cha Shosho, anakishona. Mkono wake ulikuwa unakwenda, lakini nikaona amepita palepale mara nyingi, uzi umejaa mpaka ukawa fundo. Hakuwa anashona. Alikuwa anangoja kwa sindano.

Mnajua mvua ya Kitale. Asubuhi jua zuri, watu wameanika mahindi, halafu mchana wingu linashuka kutoka Mlima Elgon, jeusi, na kabla hujaita watoto radi imeshapiga. Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani, nikaomba namba ifike kabla ya wingu. Robo tatu ya kunakili ilikuwa imepita ngurumo ya kwanza iliposikika. Muchiri akakimbilia chumba cha nje kuchomoa kamera zake, mimi nikakimbilia dirishani. Nikauliza ile betri ya kuhifadhi stima niliyowapa iko wapi. Iko kwenye televisheni ya Shosho, ati asikose taarifa ya habari.

Nageuka, Shosho amesimama. Ameshafunika kioo cha ukutani kwa khanga. Ameshachomoa televisheni na redio. Ameinama kwenye ukuta, mkono kwenye waya wa mashine yangu.

"Shosho, hapana! Shosho, wacha!"

Akachomoa.

Jamani. Feni ikanyamaza, skrini ikawa nyeusi, na ile diski ikashuka, uuuuh, ikasimama. Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo kumtukana mama wa watu, mzee wa umri wa mama yangu, ndani ya nyumba yake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo radi ikapiga.

Haikupiga mbali. Sebule yote ikawa nyeupe, balbu ya juu ikapasuka vipande, na kutoka nyumba ya jirani tukasikia mlio kama wa bunduki na mwanamke akipiga yowe. Baadaye tuliambiwa televisheni yao ilitoa moshi, friji ikafa, na kila kilichokuwa kimechomekwa ukutani kikaungua. Sisi, kwenye ukuta, hatukuwa na kitu.

Shosho alikuwa bado ameshika waya. "Radi haina rafiki," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Sasa mtamhukumu vipi mtu kama huyo? Yeye ndiye aliyeivisha diski blanketi mpaka ikaugua. Yeye ndiye aliyeiokoa isichomwe. Mimi nimeshindwa kumhukumu mpaka leo. Nikafunga mdomo wangu, nikameza lile tusi zima zima, na lilikuwa chungu.

Chemtai alikuwa amesimama, sindano ikining'inia kwenye uzi. "Imeisha?" akaniuliza.

"Haijaisha. Imelala." Sikujua kama nasema kweli.

Mvua ilinyesha, ikanyesha. Sikuweza kuwasha mpaka radi ihamie upande wa Kapenguria, na huku kila dakika diski inapoa. Nilizunguka ile sebule mpaka Shosho akaniambia nitamtobolea zulia. Mvua ilipopungua nikachomeka, nikawasha. Taa za mashine zikawaka, feni ikazunguka. Diski: tk. Kimya. Tk. Kimya.

Muchiri akaketi chini sakafuni, akafunika uso.

Nikazima. Nikaitoa, bado ina uvuguvugu kidogo, kama yai chini ya kuku. Nikaishika kama alivyonionyesha Simiyu. Nikazungusha kifundo cha mkono, mara moja, ghafla. Nikasikia ndani kitu kimeachia. Nikairudisha, nikawasha, na nikakalia mikono yangu kweli kweli, mwanamke mzima, kwenye stuli ya Shosho.

Uuuuuh. Ikapanda. Ikazunguka.

Sikupiga kelele. Niliogopa hata kupumua juu yake. Ile programu ya kunakili ilikuwa inakumbuka ilipofika, basi ikaendelea kutoka robo tatu, taratibu, mpaka ikamaliza. Pabaya tuliparudia, pengine tukapata, pengine hatukupata. Na mara tu ilipomaliza, diski ya zamani ikakwaruza kwa muda, ikajifia yenyewe. Haikuamka tena.

Lakini shida haikuwa imekwisha, kwa sababu Muchiri alikuwa ameyapa mafaili yake majina ya kichaa. Harusi. Harusi Mpya. Harusi Mpya Kabisa. Harusi ya Juzi. Ya juzi gani, bana? Tukaanza kufungua moja moja. Bibi harusi wa Bungoma, siye. Wazee wa Malakisi wanacheza, siyo. Chemtai alikuwa ameinamia skrini, anapekua nyuso za watu asiowajua, na kila tulipofunga moja nilimsikia akivuta pumzi.

Halafu akanishika bega. "Hapo. Hilo ni shamba letu."

Ilikuwa yenyewe. Kulikuwa na sehemu zimeganda, viboksi viboksi. Kukata keki kulipotea kabisa, na hakuna aliyeulizia. Mchungaji akaonekana, shangazi wakaonekana, kisha kijana mwembamba mwenye suti kubwa akapewa kipaza sauti. Akaanza kuongea, mbio mbio, kwa sauti nyembamba karibu ya mvulana.

"Simamisha," Chemtai akasema.

Nikasimamisha. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikaogopa. "Si yeye?"

"Ni yeye." Alikaa hivyo, mkono mdomoni. "Ni yeye. Lakini ile sauti nimekuwa nayo kichwani ni nzito. Mtoto akiniuliza, namwigia, nzito hivi. Kumbe..." Akalia sasa, bila kujificha. "Kumbe nimekuwa namwigia sauti ya baba yangu mimi. Hii ya Ndiema ilishanitoka, na sikujua imetoka."

Shosho aliinama akachukua mkono wake. Chemtai akajifuta uso kwa kile kitambaa alichokuwa akikishona, akasogeza stuli karibu na skrini.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Nataka niishike hiyo sauti vizuri kabla sijarudi nyumbani."

Nikarudisha. Ndiema alikuwa akisema maneno ya kawaida tu, ati anashukuru waliokuja katika matope yote hayo, ati chakula kipo, mtu asiondoke kabla ya kula. Chemtai akaanza kuyasema pamoja naye, kwa sauti nyembamba, mbio mbio. Akakosea. Akaniambia rudisha, nikarudisha, na tukaanza tena.